Kaunseli, pointi si elimu: uongo tunaoambiana kuhusu semina za CLE

Ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu haipoi. Mawakili ambao sijawasikia tangu Januari wanakumbuka ghafla kwamba mimi huendesha semina za CLE, yaani elimu endelevu ya sheria kwa mawakili hapa Uganda, na swali ni lilelile, "Kaunseli, hiyo ya wiki hii ina pointi ngapi?" Hakuna anayeuliza mada ni nini. Cheti cha kufanya kazi kinaisha tarehe 31 Disemba, Msajili Mkuu wa mahakama hatoi kingine bila kuona mambo yako yamekaa sawa na pointi zikiwemo, basi watu wanakuja mbio kama wanafukuzwa. Hilo nimelizoea. Lakini kuna maneno mengine wanayaongezea nikiwa nawasikiliza tu, na mwaka huu nimeyasikia mara nyingi mno, acha niyaandike, na wateja nao wakisoma si mbaya, pesa ni yao.

La kwanza ndilo linaloniua kabisa: "Mimi niko kortini miaka ishirini, uzoefu ndio semina yangu."

Banange. Uzoefu ni mali, sikatai, mzee aliyekaa kortini miaka yote hiyo anajua kumbana shahidi kuliko mimi nitakavyojua maisha yangu yote. Shida ni kwamba uzoefu unakufundisha sheria ilivyokuwa siku ulipoitumia mara ya mwisho. Ikibadilishwa hakuna anayekuja kukugongea mlango.

Chukua kesi ya kawaida kabisa ya madai. Zamani unafungua hati ya madai, mwenzako analeta utetezi, unajibu, halafu unakaa unangoja korti ikuite, na faili linaweza kulala mwaka mzima na hakuna anayeshtuka. Kanuni za mwenendo wa madai zikarekebishwa 2019, ikaingia Amri ya 11A. Sasa mdai ana siku 28 tangu jibu la mwisho lipelekwe, awe ameshachukua samansi ya maelekezo, yaani wito wa kwenda kortini kupanga kesi itakavyoendeshwa, asipochukua kesi inakufa. Hakuna jaji wa kuifukuza na hakuna barua utakayoletewa, inakufa yenyewe huko kwenye mfumo na wewe uko ofisini unamwambia mteja "tunangoja tarehe." Nimekutana na mawakili wa umri wa baba yangu ambao hiyo Amri waliisikia kwa mara ya kwanza siku mwenzao wa upande wa pili aliposimama kuitaja.

Halafu wananijibu, "lakini si unaruhusiwa kufungua upya?" Unaruhusiwa ndiyo, kama muda wa kushtaki haujakwisha. Kesi ya mkataba una miaka 6, ya kudai ardhi miaka 12, hapo unaweza kupona ukalipa ada za korti mara ya pili na mteja akanuna tu. Lakini mtu aliyegongwa na gari la serikali ana miaka 2. Kesi yake ikikufia mkononi mwaka wa tatu utafungua nini tena? Na kweli majaji hawajaenda njia moja kwenye hii Amri, wengine wameishika kwa ukali, wengine wamelegeza, sasa wewe Kaunseli unataka haki ya mteja wako itegemee umeangukia kwa jaji gani?

Bado sijamaliza na hawa wa uzoefu. Tarehe 1 Julai 2024 toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika, namba zikabadilika. Sheria ya Mawakili iliyokuwa Sura ya 267 sasa ni 295. Sheria ya Mwenendo wa Madai imetoka 71 ikaenda 282, ya Makosa ya Jinai kutoka 120 mpaka 128, ya Ardhi 227 imekuwa 236, ya Ushahidi 6 imekuwa 8. Na vifungu ndani navyo vimesogea kwenye sheria nyingi, yaani kile kifungu ulichokariri tangu chuoni ukienda kukifungua leo unaweza kukuta kinazungumza habari nyingine kabisa. Mpaka sasa bado naletewa hoja za maandishi zenye namba za zamani mwanzo mpaka mwisho. Ushauri wangu ambao watu wamechoka kuusikia: chapisha karatasi moja, namba ya zamani kushoto mpya kulia, zile sheria kumi unazotumia kila wiki, bandika ukutani mbele ya karani anayekuchapia. Usiibandike nyuma ya kiti chako, kwa karani, kwa sababu yeye ndiye anayekopi kutoka faili la 2017.

Na karani huyohuyo ndiye mwenye paswadi ya ECCMIS. Mfumo wa kesi wa kielektroniki ulianza Machi 2022, mpaka leo kuna wakili mkubwa, jina liko kwenye kibao kikubwa cha shaba, hajawahi kuuingia mwenyewe hata siku moja. Karani akienda kijijini kwenye mazishi ofisi nzima haijui kama kuna kitu kimeletwa na upande wa pili. Halafu unaambiwa huyo hahitaji semina.

Pesa za wateja pia. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2013 imetuweka mawakili kwenye orodha ya watu wanaowajibika, maana yake ukishughulikia ununuzi wa ardhi unatakiwa umjue mteja wako ni nani, ukiona muamala wa mashaka uripoti kwa FIA, mamlaka ya serikali inayofuatilia fedha za mashaka, na ofisi yenyewe iwe imesajiliwa kule. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2020 ikatoka Februari 2024, miaka minne hiyo watu wa benki walijua fika tunaongelea nini, lakini kuna wenzangu bado wanapokea kavera, mfuko wa plastiki, la noti kwa ajili ya ploti ya Wakiso na swali wanalouliza ni "zimetimia?" tu.

Haya, nimepumua. Mengine nayapitia haraka.

"Ukisaini rejista umesoma." Hapana, umesaini. Tangu korona tukahamia Zoom hali imekuwa mbaya zaidi, kamera imezimwa, jina liko pale, na ghafla maikrofoni inajifungua tunasikia honi za Jinja Road na kondakta anaita abiria. Hata Waingereza waliotuachia wigi, kwa masolisita wao wa England na Wales waliacha kuhesabu masaa 16 ya mafunzo ya kila mwaka tangu Novemba 2016, sasa mtu anatakiwa aangalie mwenyewe kazi yake inataka ajue nini na aonyeshe amefanya nini kuhusu hilo. Siombi tuige, hapa tukiondoa hesabu nusu ya watu hawatarudi kabisa. Ninachoomba ukija semina njoo na faili moja linalokusumbua, lile unalolikwepa kila Jumatatu. Mada ikiwa ni upatanishi uliza kuhusu faili hilo, ikiwa ni kodi uliza kodi ya faili hilo. Wanaofanya hivyo hawaniulizi pointi, naona wanabaki na mtoa mada mpaka watu wa chai wanafunga birika.

"CLE ni ya vijana waliotoka LDC juzi." LDC, chuo kinachowaandaa mawakili baada ya digrii ya sheria, ipo tangu 1970 na kazi yake inafanya, ile diploma ya miezi tisa inakutoa ukiweza kuandika hati na kusimama mbele ya korti. Haiwezi kukufundisha sheria ambayo Bunge halijaipitisha. Sheria za kodi peke yake zinaguswa karibu kila mwaka wa bajeti, na mabadiliko yanaanza Julai. Kusema kweli vijana ndio wanahangaika kidogo kuliko wote, hawana cha kusahau.

"Semina ziko Kampala tu." Hiyo ilikuwa kweli zamani. Sasa aliyeko Arua au Kabale akiwa na bando anasikiliza kama sisi, na Uganda Law Society, chama chetu cha mawakili, inatoka pia kwenda mikoani. Bando ni ghali, hilo nakubali.

"Nimefanya semina ya mafuta na gesi, sasa mimi ni mtaalamu wa mafuta na gesi." Ssebo, ulikaa asubuhi moja. Futa hiyo kwenye profaili.

Sasa wateja, lenu ni moja. Mtu anasikia wakili wake hana cheti hai cha mwaka huu, labda kwa sababu ya hizihizi pointi, anakuja kwangu analia kwamba kesi ya shamba la familia imekufa. Woga huo haukutoka hewani. Katika kesi ya Syed Huq na Islamic University in Uganda, Mahakama ya Juu ilisema nyaraka za wakili anayefanya kazi bila cheti halali hazina nguvu, mteja ndiye akawa anabeba mzigo wa mtu mwingine. Bunge likarekebisha Sheria ya Mawakili 2002 kwa kuingiza kifungu kilichoitwa 14A: hati wala mkataba wa mteja haubatilishwi kwa sababu hiyo, kesi haifutwi, na pale inapohitajika mteja anapewa muda atafute wakili mwingine au arekebishe kasoro. Wakili ndiye mwenye kosa na ndiye anayekwenda kujieleza. Kwa hiyo usilie mama, tafuta wakili mwingine na uende na faili lote, usiache hata risiti.

La mwisho limeingia juzijuzi, "siku hizi kuna akili bandia, nikitaka sheria mpya naiuliza." Iulize, mimi pia naiuliza. Ila New York mwaka 2023, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka kortini kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, hazikuwahi kuwepo duniani, wakatozwa faini ya dola 5,000. Hapa kwetu tovuti ya ULII ni ya bure, ina hukumu za korti zetu, fungua utafute jina la kesi uisome mpaka mwisho ndipo uiweke kwenye hoja zako. Usipoipata, nenda kaiulize laibrari, na huko nako ikikosekana itoe.