Je, wajua kwa nini miguu ya baadhi ya watu hukataa kutulia usiku?

Mchana kutwa miguu haina neno. Inapofika saa tatu au saa nne usiku, mtu akishajinyoosha kitandani, ndani ya miguu kunaanza kitu ambacho wengi hushindwa kukieleza. Kuna anayesema anahisi sisimizi wakitambaa, mwingine anahisi kuvutwa ndani kwa ndani, mwingine huishia kusema tu, "Miguu inanisumbua." Si maumivu hasa, ni hamu isiyozuilika ya kuichezesha. Akiinuka na kutembea chumbani anapata nafuu; akirudi kulala, yale yale. Anayelala naye hula mateke hadi asubuhi.

Huu ni ugonjwa kamili, nao huitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza tangu mwaka 1672. Lakini katika karne ya 19 Theodor Wittmaack wa Ujerumani bado aliuweka kwenye fungu la maradhi ya wasiwasi na jazba, na ni miaka ya 1940 tu ambapo Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliuchambua kama ugonjwa wa neva. Hadi leo wapo wagonjwa wanaoambiwa wana mawazo mengi.

Chanzo hakimo miguuni, kimo kichwani. Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuratibu mijongeo ya mwili, na ili kuitengeneza unahitaji madini ya chuma. Kwa wagonjwa wengi, chuma kinachofika kwenye ubongo ni pungufu. Mbona basi usiku? Kwa sababu utendaji wa dopamini hupanda na kushuka kwa saa, na jioni ndipo unaposhuka. Chuma kilichomo kwenye damu nacho hupungua saa hizo.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anapima wingi wa damu, anaambiwa damu ipo ya kutosha, anarudi nyumbani na miguu yake. Kumbe rafu za duka zinaweza kujaa huku stoo ikiwa tupu. Akiba ya chuma mwilini hupimwa kwa kipimo kingine, feritini. Maabara nyingi huiona feritini ya 30 kuwa ya kawaida, lakini kwa mgonjwa wa miguu isiyotulia wataalamu hushauri kufikiria kuongeza chuma iwapo haizidi mikrogramu 75 kwa lita. Na kama mtu ana maambukizi au uvimbe mwilini, feritini hupanda kwa uongo, hivyo majibu yasomwe na daktari.

Kwetu sababu za kuishiwa chuma hazitafutwi mbali: hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, minyoo ya safura, na ile chai ya rangi inayoteremshwa pamoja na chakula, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani.

Wajawazito ndio wanaoupata sana, takriban mmoja kati ya watano, hasa miezi mitatu ya mwisho. Wengi hupona ndani ya wiki chache baada ya kujifungua. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao huteseka mno, kwani kukaa saa nne kwenye mashine bila kuinuka ni adhabu kwao. Wakipandikizwa figo, hali mara nyingi hutengemaa. Kisukari kina uhusiano pia, ila tusichanganye mambo: ganzi na miguu kuwaka moto kutokana na kisukari haviondoki kwa kutembea, na mkakamao wa misuli hukaza msuli ukawa mgumu. Miguu isiyotulia haifanyi hivyo. Tena huweza kurithiwa, hasa kwa walioanza kuugua wakiwa vijana.

Dawa nazo zimo. Baadhi ya dawa za sonona, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na dawa za mzio zinazoleta usingizi huweza kuuchochea. Kuna mtu anakosa usingizi kwa sababu ya miguu, anameza klorofenilamini, mojawapo ya dawa hizo za mzio, ili alale, na miguu inazidi.

Utafiti uliofanywa vijijini kaskazini mwa Tanzania ulipata wagonjwa wachache mno ukilinganisha na Ulaya. Huenda kweli ni wachache. Mimi nadhani pia ugonjwa usio na jina mtaani hautajwi hospitalini.

Ukienda kwa daktari, mweleze saa ugonjwa unapoanza, kinachokuletea nafuu, na dawa zote unazotumia, kisha uliza kuhusu feritini na figo. Usijinunulie vidonge vya chuma: kikizidi hudhuru ini na moyo, na wenye sikoseli walioongezewa damu mara nyingi huenda tayari wanacho kupita kiasi. Kahawa na pombe za jioni zipunguzwe. Inapobidi dawa, sasa madaktari wengi huanza na gabapentini au pregabalini, kwa kuwa zile zinazoiga dopamini, ingawa hutuliza haraka, zikitumika miaka mingi huweza kuufanya ugonjwa uanze mapema zaidi, hata alasiri, na kupanda hadi mikononi.