Ametulia, haya. Amepona?

"Siku hizi ametulia, hasumbui mtu." Nikiisikia tena kliniki wiki hii nitapiga kelele mimi, na hapo sijui nani atamshikilia nani. Nasema na ndugu wa wagonjwa, lakini nasema zaidi na wenzangu tunaoandika "hali shwari, aendelee na dawa zilezile" kwa dakika tatu, kisha tunaita mwingine.

Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumsikizisha mtu sauti zisizokuwepo, anaweza kutulia kwa sababu sauti zimenyamaza. Anaweza pia kutulia kwa sababu amejifunza kuzificha, au ana sonona (huzuni nzito isiyoisha), au ugonjwa wenyewe umemnyang'anya hamu ya maisha. Au tumemzidishia dawa mpaka amekuwa gogo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera, kwa kuwa ni kazi ya mikono yetu.

Dawa zetu za ugonjwa huu, haloperidoli, klopromazini na flufenazini, zote zinaziba tundu moja: vipokezi vya dopamini aina ya D2, yaani milango ya ubongo inayopokea kemikali ya dopamini. Mwaka 2000 Kapur na wenzake kule Toronto walipima vipokezi hivyo kwenye ubongo wa wagonjwa 22 waliokuwa wakianza haloperidoli miligramu 1 au 2.5 kwa siku. Nafuu ilionekana zaidi vipokezi vilipozibwa kupita asilimia 65. Ukakamavu na kutetemeka vikaingia vilipopita 78. Njia ni nyembamba kiasi hicho, na waliipitia kwa miligramu mbili na nusu! Sasa fungua daftari la mgonjwa wako: haloperidoli 5 asubuhi, 5 usiku, klopromazini 100 ya kulalia, na juu yake sindano ya flufenazini 25 kila mwezi. Kila moja ina aliyeiandika kwa nia njema, ila hakuna aliyejumlisha.

Kujua kama dawa imezidi hakuhitaji mashine. Mwambie atembee kutoka mlangoni hadi mezani, utazame mikono: inacheza, au imeganda ubavuni? Kisha shika kiwiko chake, kunja na kunjua mkono polepole, huku yeye akichora duara hewani kwa mkono wa pili. Usiache hilo duara, maana bila hilo ukakamavu mdogo hujificha. Ukihisi kukwama-kwama, kama mnyororo wa baiskeli unaoruka meno (na Tanga hii nani hajaujua mnyororo wa baiskeli), basi huo si uvivu wala huzuni. Waulize nyumbani: mto una udenda asubuhi? Anapepesa macho? Anageuka kitandani mwenyewe? Mgonjwa hataeleza haya, ila anayefua foronya anayajua.

Hapo wengi wetu tunakimbilia benzeksoli. Inalegeza misuli, sikatai. Miligramu 2 asubuhi yaweza kutosha. Lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inavuruga kumbukumbu na kupunguza jasho. Ichanganye na klopromazini, ambayo nayo inauvuruga mwili usijipoze na kuifanya ngozi iungue juani, halafu mpeleke mtu shamba la mkonge mwezi Februari. Atazimia, na watasema ugonjwa umepanda. Mgonjwa akikakamaa, anza kwa kupunguza kilichomkakamaza. Na kama yupo kwenye sindano, usitegemee kuona tofauti Ijumaa. Dawa ile ipo ndani ya mafuta, inavuja kwa wiki nyingi.

Kuna na kinyume chake: asiyeweza kukaa. Ananyanyuka, anahamisha uzito mguu huu hadi ule, anazunguka uwani usiku kucha. Ndugu wanasema "umerudi", sisi tunaongeza dozi, na yeye anazidi kuzunguka, kwa sababu dawa yenyewe ndiyo iliyomtia moto miguuni. Uliza swali moja: unatembea kwa kuwa kuna kinachokutuma, au miguu inakataa kutulia? Wengi wanajibu vizuri kabisa wakiulizwa. Punguza dozi; propranololi miligramu 10 mara mbili au tatu kwa siku husaidia baadhi yao, ila si kwa mwenye pumu. Wasioulizwa huacha dawa zote kimyakimya, na wengine hufikia hata kutaka kujiua.

Shingo kupinda na macho kuganda juu, siku za mwanzo za haloperidoli: najua, mtasema ni jini. Prometazini miligramu 50 kwenye msuli, na mara nyingi ndani ya nusu saa shingo imenyooka. Jini wa namna hiyo anatibika.

Sasa, kupunguza si kuacha, na hapa ndipo ninapogombana na pande zote mbili. Uchambuzi wa Leucht na wenzake wa 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliotolewa kwenye dawa halisi na kupewa vidonge visivyo na dawa ndani, dhidi ya 27 ya walioendelea. Uholanzi, Wunderink aliwafuatilia kwa miaka saba wagonjwa waliokuwa wapya, akachapisha 2013: waliopunguziwa au kuachishwa mapema walipona na kurudi kwenye maisha kwa asilimia 40.4, walioendelea 17.6. Nilitaka sana hilo liwe jibu. Kisha ukaja utafiti wa Uingereza wa 2023, watu 253 kwa miaka miwili: waliopunguziwa hawakuishi vizuri zaidi kuliko wenzao, na waliorudiwa vibaya walikuwa asilimia 25 dhidi ya 13. Sina namna safi ya kuoanisha haya. Ninachofanya ni kushuka robo ya dozi *iliyopo*, si ya ile ya mwanzo, kisha kungoja miezi mitatu au zaidi: 10, 7.5, kisha kama 5.5, kisha 4. Chini huko kila miligramu unayopunguza inafungua vipokezi vingi kuliko juu, na ndiyo maana anayeshuka kwa haraka huangukia mwishoni.

Na nikiri: kati ya dawa iliyozidi, sonona, na ugonjwa kula hamu ya mtu, mara nyingi siwezi kutofautisha siku ya kwanza. Nabadilisha kitu kimoja tu, kisha natazama.

Ile dawa mpya ya skizofrenia iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2024, zanomelini na trospiamu, haizibi D2. Inaamsha vipokezi vingine ndani ya ubongo, viitwavyo vya muskarini, vilevile ambavyo benzeksoli inavilaza. Majaribio makuu yalikuwa ya wiki tano, na kichefuchefu kipo. Msiiulize kwenye maduka ya Ngamiani.

Hamu iliyopotea hakuna kidonge chetu kinachoirudisha vizuri. Kazi inasaidia. Lutindi, kule Korogwe mlimani, wagonjwa wanachuma chai, na hospitali ile inapokea wagonjwa wa akili tangu 1904. Ethiopia, utafiti uliochapishwa 2022 uliwatuma wahudumu wa kijijini majumbani, na waliotembelewa walimudu shughuli zao kuliko waliotibiwa kituoni tu. Na waganga wa jadi msiwatupe. Ghana na Nigeria, 2020, wahudumu wa afya walitibu ndani ya vilinge na makambi ya maombi, na wagonjwa wakawa nafuu zaidi.

Kwa hiyo mkija, msiniambie ametulia. Niambieni kama ametumwa dukani akarudi na chenji sahihi. Kama amekaa barazani kahawa ikapoa kwa sababu alikuwa anabishana kuhusu timu yetu ya Coastal Union. Na mje na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile alivyoongezewa kwingine, tujumlishe.