Mchuzi wa dengu si chakula cha siku samaki wamekosekana

Mwanza, mgeni akiandaliwa ugali bila sato wala dagaa, hula polepole akitupia jicho mlangoni, akidhani mboga yenyewe bado iko njiani. Nyumbani kwangu Igoma macho hayo nimeshayazoea, na maneno ya wanaozikataa dengu pia.

"Dengu ni chakula cha Wahindi." Wanazipenda kweli, ila baadhi ya zinazovuka bahari kwenda kwao hutoka huku huku kwetu, Magu, Kwimba, Misungwi hadi Shinyanga. Hupandwa mbugani, kwenye udongo mweusi, mvua zikielekea ukingoni, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Tunalima, tunauza magunia, halafu tunaona haya kuzipika!

"Hazilainiki bila magadi." Hapa ndipo mkaa unapoteketea bure. Magadi yanalainisha, sikatai, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi mchuzi unaonja sabuni. Loweka dengu usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Wengine huogopa kutia chumvi mapema, na wanaisingizia tu. Anayezigomesha ni nyanya, pamoja na ndimu na ukwaju, kwa sababu ya uchachu wao. Nililijua hilo kwa sufuria niliyoitia nyanya tangu mwanzo: ilikaa jikoni kuanzia saa nane mchana hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na dengu bado zinagonga meno. Siku hizi naungia pembeni, nachanganya dengu zikishaiva.

"Bizari inawasha, watoto hawataweza." Kinachowasha ni pilipili. Manjano, binzari nyembamba na giligilani hazimchomi mtoto, ingawa bizari nyingine za pakiti huchanganywa na pilipili, kwa hiyo onja kwanza. Anayetaka moto akate pilipili yake pembeni. Kosa kubwa zaidi ni kuinyunyiza bizari kwenye maji mwishoni. Inabaki na harufu ya vumbi. Itie kwenye mafuta yenye kitunguu kilichoiva, ikaange nusu dakika, ndipo nyanya zifuate.

"Bila nazi si mchuzi." Nazi kwetu ni msafiri kutoka pwani, na nauli yake unailipa wewe. Karanga za kusaga, vijiko vitatu vilivyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, zinatosha kuufanya uwe mzito. Koroga tu, zisishike chini.

"Hazina nguvu kama samaki." Gramu 100 za dengu kavu zina protini kama gramu 20, ingawa zikiiva na kunywa maji inashuka hadi 9 hivi, kwa hiyo samaki anaongoza. Lakini dengu na ugali vikiliwa pamoja, protini zake hukamilishana. Kamulia ndimu mezani, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri, yenyewe inayazuia.

Nusu kilo inatosha watu sita. Kinachobaki hulala kikawa kizito; asubuhi ongeza maji kidogo, pasha, ule na viazi vitamu.