Walimu wa karate na asili ya mtindo wao: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi wa Ngamiani au Chumbageni anapompeleka mtoto wake kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, kwa mara ya kwanza, aghalabu huuliza mambo mawili kabla ya mengine: mwalimu ana dan (daraja za mkanda mweusi) ngapi, na je, mtindo wenyewe ni wa Kijapani halisi? Ana haki ya kuuliza, ila maswali hayo yamesimama juu ya habari ambazo wengi wetu hapa Tanga tumezipokea bila kuzichunguza. Nitazipima kwa kutumia Goju-ryu, mtindo ambao walimu wake wanajulikana kwa majina tangu shina.

Inayosikika zaidi ni kwamba karate ni sanaa ya kale ya samurai wa Japani. Ukweli ni kwamba karate ilikulia Okinawa, kisiwa kikuu cha ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na mfalme wake mpaka Japani ilipoufuta mwaka 1879. Watu wa Tokyo walianza kuifahamu vizuri baada ya mwaka 1922, pale Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alipokwenda kuionyesha huko. Wapo pia wanaodai kwamba ilibuniwa na wakulima maskini ili wapambane na samurai kwa mikono mitupu. Hilo nalo halisimami, kwa sababu Sokon Matsumura alikuwa mlinzi wa wafalme wa Ryukyu, na Anko Itosu, aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa karani wa serikali ya kifalme.

Kanryo Higaonna (1853–1915), ambaye Goju-ryu yote inarudi kwake, alizaliwa Naha, mji wa bandari wa Okinawa, katika familia iliyouza kuni zilizosafirishwa kwa mashua. Riziki ambayo mtu aliyekulia pwani hii hahitaji kuelezwa. Alivuka bahari akaenda kujifunza Fuzhou, China. Hapo ndipo hadithi ya hekalu inapopenyezwa, kwamba watawa wa mlimani walimkabidhi siri. Fuzhou ni mji wa biashara, na mwalimu wake hutajwa Okinawa kwa jina la Ryu Ryu Ko, mtu ambaye watafiti wangali wanabishana alikuwa nani hasa. Kwa maoni yangu Higaonna hahitaji kupambwa kwa watawa, kwani urithi wake unaonekana wazi katika Sanchin, mojawapo ya kata, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa ambayo mwanafunzi huifanya peke yake.

Sanchin ina hatua chache na huenda polepole. Mwanafunzi anasimama akivuta na kutoa pumzi kwa utaratibu, na mwalimu humzunguka, akimwekea viganja mabegani, akishuka mgongoni hadi mapajani, akitafuta msuli uliolegea au bega lililopanda. Chojun Miyagi (1888–1953), aliyeanza kufundishwa na Higaonna akiwa kijana, alipita njia hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mkuu wa mtindo huu.

Kuna dhana nyingine inayoniuma, kwa kuwa inawavunjia heshima walimu wetu. Mgeni anaingia kwenye dojo la mtaani, anakuta kopo la rangi lililojazwa saruji na mpini wa mti uliosimamishwa katikati, anakuta mitungi ya kubebwa kwa kushika ukingo wa mdomo wake kwa ncha za vidole, kisha anahitimisha kwamba hapa pana ufukara, na kwamba dojo la kweli ni lile lenye vioo na mashine. Kumbe vifaa hivyo ni vya Okinawa kwenyewe. Kile cha saruji chenye mpini huitwa chi-ishi, na mitungi ni nigiri-game. Vyote ni sehemu ya mazoezi ambayo Miyagi aliwapa wanafunzi wake ili kujenga viganja, viwiko na mabega.

Kuhusu mikanda nitasema kwa ufupi. Dan hazikutoka Okinawa ya kale. Zilitoka kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, na Funakoshi alitoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Miyagi hakumpa mwanafunzi wake yeyote dan katika uhai wake. Majina ya mitindo nayo si ya zamani kama yanavyodhaniwa: jina Goju-ryu lilianza kutumika karibu na mwaka 1930, na Shotokan ni jina la jengo la mazoezi ambalo wanafunzi wa Funakoshi walilikamilisha mwaka 1936.

Ndiyo maana madai ya kwamba tawi fulani pekee ndilo lenye mrithi halali yanapaswa kusikilizwa kwa tahadhari. Baada ya Miyagi kufariki, wanafunzi wake waliendelea kila mmoja kwa njia yake: Seiko Higa, Meitoku Yagi, Seikichi Toguchi, na Eiichi Miyazato aliyefungua Jundokan mjini Naha. Wote walifundishwa naye, na kata zao zinafanana kuliko magomvi ya wafuasi wao. Wala si lazima mwalimu awe Mjapani. Goju-ryu ilipoota mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, aliyeifundisha ni Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, na walimu wengi wa Kitanzania wanajihesabu kuwa wametokana na mkono wake.

Basi mzazi akifika dojo, amwulize mwalimu alifundishwa na nani, naye huyo alifundishwa na nani, na kama bado yupo mkubwa wake anayemsahihisha. Mwalimu aliyefundwa atajibu kwa majina, bila kukasirika na bila kukimbilia cheti cha ukutani. Kisha aombe ruhusa ya kukaa pembeni wakati wa Sanchin, aangalie kama mwalimu anamfikia kila mtoto, hata yule wa mstari wa nyuma.