Kipandauso: picha safi, kichwa bado kinagonga

Shangazi yangu ana bahasha ya kaki juu ya kabati. Ndani mna picha ya ubongo, majibu ya damu, cheti cha macho na vikaratasi kadhaa vya malaria, vyote "hakuna kitu". Na bado anafunga kanga kichwani, anavuta mapazia na kuomba jikoni wasigonge sufuria.

"Vipimo havijaonyesha kitu, basi huumwi." Maneno haya yanaumiza kuliko yote anayoambiwa, na wapo wahudumu wa afya wanaoyasema. Picha ya CT au MRI humsaidia daktari kuona kama kuna uvimbe au damu iliyovuja. Kipandauso (migraine) haikionyeshi, kama vile picha ya redio isivyokuambia kwamba redio inakwaruza. Neva kubwa inayohudumia uso na utando wa ubongo huchokozeka, ikamwaga kemikali, mojawapo ikiitwa CGRP, na maumivu yakaanza. Daktari hukitambua kwa kukusikiliza: maumivu ya saa 4 hadi 72 yasipotibiwa, yanayogonga, mara nyingi upande mmoja, yanayozidi ukipanda ngazi, tena yana kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso, hapo kinaitwa sugu.

"Lazima kuna kitu umekula." Njaa, kukosa usingizi na hedhi huweza kuamsha maumivu, lakini kuamsha si kusababisha. Mwelekeo wenyewe mara nyingi hurithiwa, na wanawake hupata takriban mara 3 zaidi ya wanaume. Halafu kuna mtego: hamu ya vitu vitamu, miayo na shingo kukaza huweza kutangulia maumivu kwa saa kadhaa. Mtu anakula chokoleti, kichwa kinaanza, chokoleti inahukumiwa bure.

"Ni malaria." Pima. Majibu yakiwa hasi, usimeze dozi kwa mazoea.

"Ni jini." Mistari ya mwanga yenye kona kona inayotembea mbele ya macho kwa dakika 5 hadi 60 kabla ya maumivu inajulikana kitabibu, huitwa aura. Mwanamke anayeipata amwambie mtoa huduma kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana vikikutana na aura hatari ya kiharusi hupanda.

"Kikiuma, meza tu." Hapa ndipo shangazi aliponasa. Kwenye pochi yake hakukosekana kikaratasi cha duka la dawa kilichokunjwa, vidonge vinne ndani, na jioni vimekwisha. Dawa za kawaida kama parasetamoli zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini au kodeini siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa. Unameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu unameza. Kuzipunguza kunahitaji daktari, kwani siku za mwanzo kichwa huweza kuzidi.

"Nimepewa dawa ya presha, mimi sina presha!" Shangazi alisema hivyo akaacha propranolo baada ya wiki moja. Dawa hiyo hutumika pia kuzuia kipandauso, ingawa haimfai mwenye pumu. Amitriptilini, ambayo jirani atakwambia ni ya wagonjwa wa akili, hutumika pia. Zote humezwa kila siku, hata siku isiyouma, na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu. Wiki moja haikuwa jaribio.

Kuna siku ambayo si ya kungoja: kichwa kilicholipuka ghafla kuliko chochote ulichowahi kupata, homa na shingo ngumu, mkono kulegea, maneno kupotea, au maumivu makali ujauzito ukiwa mkubwa. Hapo ni hospitali, usiku huohuo.

Shangazi alirudi kliniki na daftari la shule la mjukuu: siku zilizouma, saa, alichomeza, hedhi. Daktari alilisoma kurasa zote. Bahasha ya kaki haikufunguliwa.