Chuma mfupani na kurudi uwanjani: kwa nini barua ya daktari huchelewa

Tangu mechi za ndondo, yaani mpira wa miguu wa mitaani, zipambe moto jijini Dar es Salaam, dawati la malalamiko la hospitali yetu limekuwa likipokea hoja ileile kutoka kwa wachezaji, wazazi na viongozi wa timu: kijana alivunjika, akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma na skrubu, sasa hasikii maumivu, na bado daktari anakataa kumwandikia barua ya kumruhusu kucheza. Wapo wanaoamini kwamba tunawabania vijana riziki. Tunaelewa uchungu wao, kwa kuwa nafasi ya usajili haimsubiri mtu, lakini ni wajibu wetu kueleza tunachokitazama kabla ya kutia saini.

Kauli inayorudiwa zaidi ni kwamba chuma ni kigumu kuliko mfupa, kwa hiyo mguu wenye chuma umekuwa imara zaidi. Sehemu ya kwanza ni kweli, kwa sababu chuma cha pua huzidi ugumu wa mfupa takriban mara 10, na titani takriban mara 6. Sehemu ya pili si kweli, na tungeomba makocha waache kuwaambia wachezaji. Kazi ya chuma ni kuvishika vipande vya mfupa visichezecheze wakati mfupa unajiunga wenyewe. Hakikuundwa kubeba peke yake, kwa miezi, uzito wa mtu anayekimbia na kugeuka. Waya wa kufungia nondo ukiukunja na kuukunjua mahali pamoja haukatiki mara ya kwanza, bali hukatika baada ya mikunjo mingi, na chuma cha mguuni huchoka kwa namna hiyohiyo mfupa unapochelewa kuunga.

Mezani kwangu kipo chuma kilichotolewa kwenye muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, wa winga mmoja wa timu ya mtaani, ambaye aliridhia tukitumie kufundishia. Kimekatika kwenye tundu lisilo na skrubu, lililokuwa juu ya mvunjiko wenyewe, na kingo za mkato zimesagana mpaka zinang'aa, kwa kuwa aliendelea kuchechemea nacho kwa siku kadhaa akidhani ni msuli. Alirudi mazoezini wiki ya 9, baada ya kuona anatembea bila magongo. Hakuna aliyemkwatua, aligeuka kufuata mpira, akasikia mlio.

Jambo hili halichagui mtaa wala ubora wa hospitali. Tarehe 19 Julai 2020 bingwa wa mbio za pikipiki, Marc Márquez, alivunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia huko Jerez, Hispania, akawekewa chuma cha titani tarehe 21, na tarehe 25 akajaribu kurudi kwenye pikipiki. Mwanzoni mwa Agosti chuma kilikuwa kimeharibika, akapasuliwa tena, kisha mara ya tatu mwezi Desemba, mfupa ukiwa haujaunga na umeingia maambukizi. Alirudi kwenye mbio Aprili 2021, na bado akahitaji upasuaji wa nne Juni 2022.

Kutosikia maumivu si kipimo. Tunasema hivi kila siku kliniki na bado tunaletewa kama ushahidi. Kipimo ni picha ya eksirei ya pande mbili, ya mbele na ya ubavuni, inayoonyesha kuta za mfupa zimeunga angalau tatu kati ya nne zinazoonekana, mbili katika kila picha. Kwa mifupa ya kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, hali hiyo huchukua takriban miezi 3 hadi 4, na kwa muundi miezi 4 hadi 6 au zaidi, hasa kwa mvutaji sigara. Baada ya picha, mtaalamu wa mazoezi tiba hupima nguvu na mruko wa mguu mmoja, na mguu ulioumia unatakiwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake. Hapo ndipo barua huandikwa, kwa hatua: kukimbia kwa mstari ulionyooka, kugeuka, mazoezi ya kugusana, kisha mechi.

Hakuna sheria inayomtaka kila mtu atolewe chuma kabla ya kucheza. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inahusu vifaa anavyovaa mchezaji, siyo kilicho ndani ya mwili wake. Ikilazimu kukitoa, matundu ya skrubu huuacha mfupa dhaifu kwa miezi kadhaa, hivyo kusubiri huanza upya.

Kuhusu barua za kughushi, tunalazimika kusema waziwazi. Kila barua ina namba ya jalada, muhuri, na jina la daktari pamoja na namba yake ya usajili, na kiongozi wa mashindano anaweza kuileta kuhakikiwa kwenye masjala. Inayobainika kuwa ya kughushi hairudishwi mkononi mwa mchezaji. Hubaki kama kielelezo na taarifa hupelekwa polisi, kwa kuwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi nyaraka ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 7. Anayeiwasilisha akijua si halali naye ana kesi ya kujibu, hata kama hakuiandika yeye.

Jambo moja halijulikani vya kutosha. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo wagonjwa wengi huandikiwa baada ya upasuaji, imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024. Kwa hiyo anayekuja kuomba barua alete muhtasari wa upasuaji, picha zote za zamani, na dawa anazotumia zikiwa ndani ya pakiti zake.