Pima Chumba Kabla Hujaenda Dukani: AC ya Nyumba ya Pwani

Kaskazi ikianza kuvuma na joto la Desemba likakaza, maduka ya vifaa vya umeme hapa Tanga mjini huulizwa swali moja kutwa nzima: "AC ya chumba cha kulala bei gani?" Muuzaji anataja bei, mnunuzi anaomba apunguziwe, mzigo unapakiwa kwenye bajaji. Vipimo vya chumba havikutajwa na yeyote. Sisi tunaofundisha fani ya majokofu na viyoyozi huletewa malalamiko baadaye, na mengi hayahusu ubovu wa mashine. Mashine ni nzima, ila saizi yake na chumba haviendani.

Wengi huogopa kununua ndogo. Kwa mji wenye unyevu kama wetu, kosa linaloniumiza zaidi ni kununua kubwa kupita kiasi, maana haligunduliki haraka na mwenye nyumba huwa amelilipia fedha nyingi.

AC hufanya kazi mbili kwa pamoja: kupunguza joto na kukausha hewa. Hewa ya chumbani ikipita kwenye koili baridi ya kipande cha ndani, mvuke uliomo hugeuka maji, yakadondokea kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Usiku wa Januari, mashine ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza, nitakieleza hapa chini) inayofanya kazi mfululizo inaweza kutoa lita nzima kwa saa moja. Weka ndoo chini ya bomba lako uone. Sasa, mashine kubwa ikifungwa kwenye chumba kidogo hushusha joto kwa dakika chache tu, kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, inazima. Maji yaliyonata kwenye mapezi ya koili, yaani vibati vyake vyembamba, hayajapata muda wa kudondoka, na feni inayoendelea kuzunguka huyarudisha chumbani yakiwa mvuke. Punde kompresa inawaka tena, inazima tena, usiku kucha, na kila kuwaka ni kuchakaa. Chumba kinakuwa baridi lakini kizito, shuka zina ubichi, na baada ya miezi kadhaa kuvu inaonekana nyuma ya kabati na kwenye viatu vya ngozi. Mwenyewe anashusha rimoti hadi 18 akidhani ubaridi hautoshi. Hapo umeme unazidi kwenda, na kuta zinapoa kiasi kwamba hewa ya nje ikipenya inaacha maji juu yake.

Ndogo mno nayo haina siri: inanguruma tangu magharibi mpaka alfajiri bila kufikia kiwango ulichoweka, na mita ya umeme ya LUKU inakuambia habari zake.

Kabla ya hesabu, tuelewane kuhusu namba. BTU iliyoandikwa kwenye AC ni kiasi cha joto inachoweza kuondoa chumbani kwa saa moja. BTU 12,000 ndiyo wanayoiita tani moja, sawa na kilowati 3.5 za joto. Umeme inaokula ni kidogo kuliko hizo, kwa kawaida kilowati moja na kitu. Dukani utasikia HP (nguvu farasi) zaidi kuliko BTU: HP 1 kwa 9,000, HP 1.5 kwa 12,000, HP 2 kwa 18,000. Ikifika 24,000, huyu anaiita 2.5 na yule 3. Kwa hiyo usinunue kwa HP. Omba kuonyeshwa kibandiko cha mashine yenyewe, usome BTU au kilowati za kupoza.

Chukua futi kamba, upime urefu na upana wa chumba kwa mita, uzidishe upate mita za mraba. Kwa nyumba ya tofali za saruji yenye siling bodi na kimo kama mita tatu, anza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Ni kadirio la fundi, lakini linatosha kukuweka kwenye saizi sahihi. Chumba kikipigwa sana na jua, ongeza asilimia 10. Kikiwa chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ghorofa la jirani, punguza asilimia 10. Hesabu watu wawili kuwa wameshaingia humo, kisha ongeza BTU 600 kwa kila anayezidi.

Tuchukue chumba cha mita 3.5 kwa 4 pale Nguvumali, ukuta mmoja unatazama magharibi, wanalala baba, mama na mtoto. Mita za mraba ni 14, mara 600 ni 8,400. Jua la jioni linaleta 9,240, mtoto anaifikisha 9,840. Dukani kuna 9,000 na kuna 12,000. Wengi wangerukia ya pili. Mimi ningeshona pazia zito kwa dirisha la magharibi, nikanunua 9,000. Pazia linapunguza joto lenyewe, na hiyo 9,000 itafanya kazi kwa mapigo marefu, ikikausha hewa vizuri. Kama familia imeamua 12,000, basi iwe ya inveta, ambayo kompresa yake inaweza kupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Hata hivyo, inveta nayo ina mwisho wa kupunguza, kwa hiyo isiwe sababu ya kufunga 18,000 kwenye chumba hicho.

Sebuleni watu hukosea namna nyingine. Wanapima sehemu ya makochi tu, ilhali sebule imeungana na meza ya chakula na korido isiyo na mlango. Hewa haijui mpaka wa zulia. Pima kote inakofika, au weka mlango.

Kuna nyumba ambazo hesabu hii haizifai kabisa mpaka zitengenezwe kwanza. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani na Makorora zilijengwa kwa ajili ya upepo: matundu ya hewa juu ya madirisha, luva za vioo zisizobana, na kwingine bati halina siling chini yake. Kwa kuishi na upepo wa bahari, huo ni ujenzi wa busara sana. Kwa AC, ni sawa na kupoza barabara iliyo nje. Saa nane mchana bati hilo linamwaga joto moja kwa moja kichwani. Kama fedha ni za jambo moja tu, weka siling na uzibe matundu ya chumba kimoja mwaka huu, AC ije baadaye. Pengine utagundua feni inatosha.

Kuhusu gharama, AC ya 12,000 inayokula kilowati 1.1 na kompresa yake kufanya kazi kama nusu ya usiku itatumia takriban uniti 5. Kwa mwezi ni 150. Mteja aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atatolewa humo na AC peke yake. Weka rimoti 25 au 26, uwashe na feni ya dari taratibu. Mwili utasikia raha ileile kwa umeme mdogo zaidi.

Wakazi wa Raskazone na wengine walio karibu na maji wana jambo lao. Chumvi inakula mapezi ya kipande cha nje, na mashine ya 12,000 inaanza kutoa kazi ya 9,000. Mwenyewe anaona saizi ilikuwa ndogo, ananunua kubwa zaidi, nayo inaliwa vilevile. Kioshe kipande cha nje kwa maji ya bomba mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa, na kisibanwe kwenye uchochoro kikavuta tena joto lake chenyewe.

Siku ya kununua, piga picha kibandiko cha mashine na umwonyeshe fundi umeme kabla ukuta haujatobolewa. Kutokana na ampia zilizoandikwa pale atachagua unene wa waya na breka, na AC ipate njia yake peke yake kutoka kwenye mein swichi, isichangie soketi na friji.